Siku Nilizodhani Baba Haoni

Nimefika umri wa kupelekwa kuangalia ndege. Wenzangu wa rika langu wataelewa. Kuna miaka mtu hualikwa disko, kuna miaka hualikwa kwenye harusi za watoto wa wenzake, kisha inakuja miaka ambayo waandaaji wa semina wanakutazama tumbo, wanakutazama magoti, wanaamua kwamba burudani inayokufaa ni kutembea polepole msituni ukiwa na darubini ya kuazima shingoni. Hivi karibuni ilikuwa Mufindi, baada ya semina kuhusu jambo ambalo nimeshalisahau. Nilivaa viatu vya kanisani. Dada aliyetuongoza alikuwa na simu inayolia kama ndege, na alituongelesha kwa upole wa mtu anayebeba mayai.

Mvua ilipoanza, alitoa turubai kwenye gari akalifunga juu yetu kati ya miti. Lilikuwa kuukuu, limelowa na kukauka mara nyingi, lina ile harufu ya petroli, ukungu na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wenzangu waliendelea kujipiga picha. Mimi sikuwa pale tena. Nilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha Landrova, miguu haifiki chini, nimegandisha pua kwenye kioo, nauliza kwa mara nyingine tutafika lini.

Baba yangu alikuwa bwana misitu kabla hajaacha kazi ya serikali na kuanza kuwatembeza wageni waliotaka kuona ndege. Pale mtaani kwetu Mbeya kazi hiyo haikueleweka. Mtu mzima, amesoma, ana watu wanaomtegemea, anatoka nyumbani asubuhi kwenda kumtazama ndege bila hata manati! Majirani walimwita mchungaji wa kunguru. "Mchungaji, waumini wameamkaje leo?" walimwuliza, naye alijibu kwa utulivu kwamba wameamka salama, ila sadaka imekuwa haba.

Mama alikuwa amekwenda kwao Tosamaganga, huko Iringa, kusalimia, na salamu hizo zilikuwa zimechukua zaidi ya mwaka. Alikuwa muuguzi, akapata kazi hukohuko. Hakuna aliyenieleza kitu. Niliyoyajua niliyapata nikiwa nachambua maharage, kwa sababu watu wazima huamini kwamba mtoto anayechambua maharage hana masikio. Nilisikia kwamba pande mbili zimekaa kikao. Nilisikia kwamba mtoto wa kike anamhitaji mama yake, kwamba nitasoma Tosamaganga, na kwamba baba ndiye atakayenipeleka na kunikabidhi kabla shule hazijafunguliwa.

Nilifurahi hadi nikamwaga maharage. Nilimtaka mama kwa namna ambayo mwili mzima ulikuwa unawasha. Na baba? Baba sikumfikiria kabisa. Baba alikuwa kama mlima Loleza pale juu ya mji. Hakuna mtu anayechungulia dirishani asubuhi kuhakikisha kama bado upo.

Bwana Hirji na mkewe Bi Kanta, wenye duka la vitambaa Iringa mjini, walikuwa wamekuja Mbeya harusini. Walizaliwa Iringa, wakazeekea Iringa, na walikuwa na ugonjwa mmoja ambao watoto wao waliuonea aibu: kuangalia ndege. Bwana Hirji alikuwa na masikio mazito na kitabu kinene cha Kizungu. Bi Kanta alikuwa na macho makali na kikapu cha chakula kisichokwisha. Walimtaka baba awarudishe nyumbani kwa Landrova, lakini kwa kupitia misituni, wapate kumwona ndege mmoja waliyemtafuta kwa miaka mingi bila kumpata. Gari lilikuwa linaelekea Iringa, na mimi nilikuwa wa kupelekwa Iringa. Nikapakiwa nyuma, pamoja na turubai, ndizi na sanduku langu la bati.

Ndege huyo ana jina refu kitabuni. Bi Kanta, kwa Kiswahili chake mwenyewe, alimwita Tumbo-Nyekundu, sote tukamfuata. Mgongo wake una rangi ya majani, tumbo ni jekundu kabisa, naye hupenda kutulia kwenye tawi akiwa amekupa mgongo. Unaweza kumtazama muda mrefu ukadhani unatazama jani.

"Tukishamwona huyo, kazi imekwisha," baba aliniambia tulipokuwa tunatoka. "Tunanyoosha Iringa, wageni wanashuka kwao, na wewe nakupeleka kwa mama yako."

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu na hesabu hiyo niliielewa vizuri. Ndege akionekana, mama anapatikana.

Tulianzia msitu wa Rungwe. Sheria ya baba ilikuwa moja: msituni mtoto haongei. Atakayeongea anarudi garini. Kwa hiyo nilitembea nyuma yao nimefumba mdomo, natingisha vidole, nachuna magome, nalowa umande hadi kiunoni. Mbega walikuwa wanaruka huko juu kama mablanketi yaliyochukuliwa na upepo. Kisha nikasikia kitu cha ajabu. Mtoto wa mbwa alikuwa analia juu ya miti: vilio vifupivifupi, kimoja baada ya kingine, vinapanda, kama amefungiwa nje na mvua inanyesha.

Baba alisimama. Akainua kichwa, na uso wake ukafunguka kwa tabasamu. Kisha akageuka, akaniona nimesimama pale nachuna gome langu, na lile tabasamu likaondoka.

"Nini hicho?" Bwana Hirji aliuliza, mkono nyuma ya sikio.

"Mbwa," baba alisema. "Wa wapasua mbao."

"Nimesikia kitu."

"Ni mbwa, Bwana. Hapa pamepoa sana. Tushuke Kyela."

Bwana Hirji alifungua kitabu. "Lakini hapa wameandika ni ndege wa milimani."

"Wakati wa baridi hushuka bondeni."

Sasa, hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba kutoka Rungwe, Iringa iko upande mmoja na Kyela iko upande mwingine kabisa. Tuliporudi garini nilisema hivyo, kwa heshima zote nilizokuwa nazo. Baba aliwasha gari. "Ndege hawasomi ramani, Tumpe," alisema, na tukashuka.

Kyela kulikuwa na joto la kulowanisha shuka. Tulitembea kando ya mto, kwenye msitu wa bondeni wenye miti minene na mizizi iliyotoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee, na inzi wadogo weusi wakatuuma mpaka masikioni. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipopata jina. Kila mtoto wa kwetu alijua usubi. Inzi wa mtoni anakuuma, unajikuna, na baada ya muda macho yanazimika. Mdogo wake babu, aliyeishi hukohuko Kyela, alikuwa amepofuka hivyo. Tulipokwenda kumsalimia alinipapasa uso kwa viganja viwili kujua nimekua kiasi gani. "Ugonile, mwanangu," alinisalimia kwa Kinyakyusa, huku ametazama pembeni yangu kidogo, pale ambapo hapakuwa na mtu.

Asubuhi iliyofuata baba alitoka chumbani macho yakiwa mekundu, kope zimevimba.

"Umelala, Baba Tumpe?" Bi Kanta alimwuliza.

"Joto, mama," alijibu, akatoa leso, akajifuta.

Nikaanza kumchunguza. Mtoto mwenye hofu hukusanya ushahidi kama polisi. Alijifuta macho Kyela, akajifuta tena tulipopanda kurudi Uyole, ingawa huko hapakuwa na vumbi wala joto. Kwenye barabara kuu aliendesha kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Mabasi yalitupita yakipiga honi, malori ya Zambia yalitupita, na huko mbele ya Chimala trekta lenye tela la mpunga nalo lilitupita, dereva wake akitupungia mkono. Mtu mwenye macho mazima angeendesha hivyo? Kila baada ya muda mfupi alisimamisha gari na kuwaonyesha wageni kitu. Mara tai. Mara mwewe. Mara, Mungu anisamehe, kunguru.

"Kunguru, Baba?" niliuliza. "Kunguru si wako hata jikoni kwetu?"

"Huyu ana shingo nyeupe."

"Na wa jikoni ana shingo nyeupe."

Bwana Hirji, muungwana yule, alishuka garini akamtazama kunguru kwa darubini kwa muda wa kutosha, akasema ni kunguru mzuri.

Tulikaa Mufindi siku ambazo kwangu zilikuwa kama muhula mzima. Asubuhi ukungu ulifunika mashamba ya chai, tukasubiri uinuke. Ukiinuka tunaingia msituni. Tukitoka msituni tunakula chevda na chapati za Bi Kanta. Kisha tunaingia tena. Viatu vyangu havikuwahi kukauka. Usiku niliota mama amechoka kunisubiri, amempokea mtoto mwingine.

Na ilikuwa Mufindi nilipomwona.

Nilisikia tena yule mtoto wa mbwa. Safari hii alikuwa karibu, na kwa kuwa niliamini mbwa hapandi miti nilitazama juu kutafuta ni nini kinacholia. Juu ya kichwa cha baba, kwenye tawi lililonyooka, jani moja liligeuka likawa na tumbo. Jekundu. Lilikuwa linang'aa kiasi kwamba nilihisi mtu ametoboa msitu na huko nyuma kuna moto. Ndege alifungua mdomo akalia, na mbwa wangu alikuwa yeye.

Baba alikuwa amesimama chini yake hasa. Alikuwa ameinua darubini, ameielekeza hapohapo. Nilisubiri. Moyo ulikuwa unanipiga hadi kwenye meno. Tosamaganga ilikuwa pale juu ya tawi, alichotakiwa ni kuisema tu. Baba alitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akateremsha darubini, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akawageukia wageni waliokuwa nyuma kidogo kwenye njia.

"Hayupo," alisema. "Twendeni mbele."

Bi Kanta alikuwa ametazama juu upande uleule. Yeye naye aliteremsha darubini yake, akanitazama mimi, akamtazama baba, akasema ana njaa.

Nisingeweza kupiga kelele. Kulikuwa na ile sheria ya msituni, na kulikuwa na sheria nyingine kubwa zaidi, kwamba mtoto hamkosoi baba yake mbele ya wageni. Lakini haikuwa sheria iliyonifunga mdomo. Ilikuwa ni kwamba nimeshaelewa. Baba yangu, ambaye kazi yake ni kuona, alikuwa haoni. Na kwa kuwa kule Rungwe alisema ni mbwa, masikio nayo yalikuwa yameanza kuondoka.

Sijawahi kukaa garini na siri nzito kama ile. Nilifikiria wageni wakigundua. Nilifikiria majirani: mchungaji wa kunguru, waumini wako wapi? Nilimwona baba amekaa kibarazani Mbeya, anapapasa uso wangu kwa viganja viwili. Nikaanza kumsaidia kwa siri. "Baba, kuna ng'ombe," nilisema barabarani. "Baba, mbele kuna daraja." "Baba, kuna mama anavuka na kuni."

"Namwona, Tumpe."

"Amevaa kitenge cha njano."

"Namwona, mwanangu."

Nilimhurumia kwa kunidanganya.

Kabla ya kufika Iringa, upande wa kushoto, kuna njia panda ya kwenda Tosamaganga. Niliijua. Mama aliwahi kunionyesha kutoka dirishani mwa basi akasema, hapo ndipo kwetu kunapoanzia. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti nimeshika mpini wa sanduku. Njia panda ikaja, ikakua, ikafika ubavuni mwa gari, na baba akaipita.

"Si hapo mtoto anashukia?" aliuliza Bwana Hirji.

"Wageni kwanza," baba alisema, bila kugeuza shingo. "Tunakwenda Kilolo. Kule kuna msitu mzuri sana."

"Lakini tumepita palepale..."

"Wewe tazama ndege," Bi Kanta alimwambia mumewe kwa sauti ya kufunga mjadala.

"Ndege gani? Tuko barabarani!"

"Tazama tu."

Nililia kimyakimya, nimegeukia turubai. Nililia kwa ajili ya mama aliyekuwa kule nyuma na kwa ajili ya baba aliyekuwa pale mbele, mikono miwili kwenye usukani, hata kibao kikubwa cha barabarani hakioni. Ipogolo, chini ya kilima cha mji, tukachepuka kuelekea Kilolo, na vumbi jekundu likaingia kwa kila tundu. Huko ndiko nilikokata shauri. Kama baba hana macho, mimi ninayo.

Msitu wa Kilolo uko kwenye ukingo wa milima. Ukisimama mahali pazuri unaona nchi inaporomoka hadi bondeni kwenye joto. Tuliingia asubuhi. Niliacha kuchuna magome. Nilisikiliza kama sijawahi kusikiliza darasani, na haikuchukua muda, mtoto wa mbwa akalia. Nikamtafuta jani kwa jani. Nikampata, kifua kimetugeukia, mwekundu, mtulivu.

Nilimsogelea baba nikamshika mkono. Nilimvuta ainame, nikaweka mdomo sikioni mwake ili wageni wasijue.

"Baba, yupo. Mti ule wenye kamba, tawi la pili, kushoto. Wewe sema tu. Watadhani umemwona."

Baba alibaki ameinama vilevile. Alinitazama karibu sana, jicho moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha ndani ya maji. Nami nilimtikisia kichwa kumtia moyo. Usiogope, nilimaanisha. Siri yako ninayo.

Akainuka. "Bwana Hirji," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "yule pale. Saa tatu."

Hapo nusura tumpoteze. Baba hakuwahi kunyooshea ndege kidole; alionyesha mahali kwa mishale ya saa. Lakini kwake, kama kwa saa yoyote ya ukutani kwetu, saa tatu ni mshale mfupi ulioelekea kushoto. Bwana Hirji alijifunza mchezo huo kwenye kile kitabu cha Kizungu, na saa tatu yake ilikuwa kulia.

"Wapi? Wapi?"

"Saa tatu, Bwana!"

"Natazama saa tatu! Hakuna kitu saa tatu!"

Bi Kanta alimshika mumewe kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayegeuza bomba la maji, akakielekeza kushoto. Kinywa cha yule mzee kilibaki wazi chini ya darubini. Alipomaliza kutazama alikaa chini kwenye majani mabichi na suruali yake ya dukani, akaanza kucheka peke yake, machozi yanamtoka, na Bi Kanta akakaa kando yake akamfutia uso kwa ncha ya sari.

Nilijisikia mkubwa kuliko miti. Nilikuwa nimeiokoa kazi ya baba na kumpata mama, vyote kwa mnong'ono mmoja. Nilimtafuta baba nimpe tabasamu. Alikuwa amesimama pembeni ametupa mgongo, anakunja lile turubai alilokuja nalo begani, ambalo hatukuwa tumelikunjua.

Tuliwashusha wageni mjini. Bi Kanta alinipa kikapu chote, akamshika baba mkono kwa muda kuliko kawaida. "Kamwene, Baba Tumpe," alimwambia, kama watu wa pale wanavyoagana na kusalimiana kwa neno hilohilo. Kisha tukarudi kwa njia tuliyojia, wawili tu. Baba aliniruhusu kukaa mbele. Hakusimamisha gari kwa ajili ya kunguru yeyote.

Nyumbani kwao mama, mkwe haingii kama anaingia kwake. Baba alisimamisha Landrova mbali, kwenye mipera, akasubiri mpaka mjomba akaja kumwita. Aliwekewa kigoda uani. Bibi, mama yake mama, alijitanda kanga akakaa kwa upande, asitazamane na mkwewe uso kwa uso, akamsalimia kwa kuusalimia mti uliokuwa jirani naye. Mama alitoka ndani na sare yake nyeupe ya kazini. Sitaeleza. Kila mtu aliyewahi kumkosa mama yake anajua harufu ya shingo yake ilivyo.

Nilikuwa bado nimemng'ang'ania shingoni nilipomwambia. Sikunong'ona vya kutosha.

"Mama, baba haoni. Ni usubi. Tulikwenda Kyela."

Mjomba aliweka kikombe chini. Bibi alisahau adabu zote akamgeukia mkwewe na kumtazama machoni.

Mama alinishusha. Alikuwa amegeuka muuguzi. "Tangu lini?"

"Tangu Rungwe. Ndege yuko juu yake, yeye anasema hayupo. Kila siku anajifuta macho. Njia panda ya hapa aliipita, mama, kibao kikubwa vile hakukiona."

Mama alikwenda akachuchumaa mbele ya baba, akamfunua kope kwa kidole gumba, kushoto, kisha kulia. Mwaka mzima hawakuwa wamekaribiana hivyo.

"Mekundu," alisema. "Kaka, nenda kule mwisho wa shamba uinue vidole."

Mjomba alitembea kati ya mahindi mpaka kwenye fito za maharage, akainua mkono.

"Vingapi?" mama aliuliza.

Baba alitazama. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, niliyekuwa shahidi wa kila kosa lake, lilinivunja moyo kabisa. Akakunja uso. "Kuna ukungu," alisema. "Sioni vizuri."

Nikaangua kilio. Bibi akasema maneno ya Kihehe kwa Mungu moja kwa moja. Mama alibaki amechuchumaa, mikono magotini.

"Basi huwezi kuendesha gari," alisema. "Utalala hapa. Kesho nakupeleka hospitali, na kama ni usubi utakaa mpaka tujue."

"Sawa," alisema baba, haraka mno.

Pale mwisho wa shamba mjomba alikuwa bado ameinua mkono kama mwanafunzi aliyesahauliwa. Ndege mdogo mweusi na mweupe akaja kutua juu ya fito, hatua chache kutoka kwake.

"Fumbwe," baba alisema. Hakumwambia mtu yeyote. Lilimtoka tu, kama mtu anavyopiga chafya. "Dume. Bado kijana, mkia haujamaliza kuota. Unyoya mmoja umevunjika nchani."

Nililia kidogo zaidi kwa mazoea, kisha nikaacha. Mama alitazama kwenye fito, akarudisha macho kwa baba.

"Unyoya mmoja," alisema.

Baba alitazama viatu vyake.

"Huyo ndege wa wageni. Ulimwona lini?"

"Rungwe."

"Lini, Rungwe?"

"Siku ya kwanza."

"Na Kyela mlifuata nini?"

Bibi aliinuka polepole, akavuta kanga usoni, akaingia ndani. Mama alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na sare yake nyeupe. Alimtazama yule mtu mwenye macho mekundu kwa muda, kisha akanitazama mimi na viatu vyangu vilivyooza kwa umande wa mikoa miwili.

"Naweza kushusha mkono?" mjomba alipaza sauti kutoka shambani.

"Shusha! Njoo hapa." Mama alisubiri hadi alipofika. "Kile kikao. Mlisema nini kuhusu likizo?"

Mjomba alifikiri. "Likizo? Hatukusema kitu kuhusu likizo."

"Basi nasema mimi," alisema mama. "Shule zikifungwa, Baba Tumpe, utakuja kumchukua. Na uje kwa barabara kuu, usinipitie Kyela, mtoto asikae hapa na sanduku mlangoni anakusubiri."

"Nitakuja kwa barabara kuu," baba alisema.

"Haya."

"Na wakati wa kumrudisha?" baba aliuliza.

Mama aliinuka akajipangusa vumbi. Alikuwa ameshageuka kwenda jikoni, na alijibu bila kutazama nyuma.

"Wakati wa kumrudisha, muwe mnaanza safari mapema. Kyela ni mbali."